Dhlakama: kura milioni mbili na bunduki za Gorongosa

Mei 9, 2018, mjini Beira, Rais Filipe Nyusi wa Msumbiji aliongoza heshima za mwisho kwa mtu ambaye chama chake, Frelimo, kilimwita jambazi kwa miaka mingi. Serikali ilikuwa imeamua kwamba Afonso Dhlakama apewe mazishi rasmi. Kesho yake mwili ulipelekwa Mangunde, wilaya ya Chibabava, jimbo la Sofala, alikozaliwa Januari 1, 1953, mtoto wa chifu katika nchi ya Wandau. Alifia Gorongosa Mei 3, akiwa na miaka 65, baada ya kisukari kumzidi nguvu huko msituni, mbali na hospitali.

Aligombea urais mara 5, na mara zote 5 akatangazwa ameshindwa. Kwa zaidi ya robo karne aliongoza Renamo, chama kikuu cha upinzani, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuachana na walinzi wake wenye silaha. Siandiki kumtetea. Lakini anayeishia kusema kwamba Dhlakama alikuwa jambazi hataelewa kwa nini wakulima wa Sofala, Manica, Zambezia na Nampula walimpigia kura kwa wingi ule, wala kwa nini mwaka 2013 risasi zilianza kulia tena katika nchi ambayo dunia nzima ilikuwa inaitolea mfano wa amani.

Sisi Watanzania hadithi hii tuliisikia kutoka upande mmoja, na tulikuwa na sababu. Frelimo ilizaliwa Dar es Salaam Juni 25, 1962. Wapiganaji wake walifunzwa Kongwa na Nachingwea, wakavuka Ruvuma kwenda kumng'oa Mreno. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 wanajeshi wetu walikwenda Zambezia kuisaidia serikali ya Maputo isizidiwe. Redioni Renamo walikuwa vibaraka wa makaburu. Hilo lilikuwa kweli, na ushahidi wake upo. Ila ndani ya Msumbiji kulikuwa na mambo mengine ambayo redio yetu haikuyagusa.

Tuanze na ukibaraka wenyewe. Machi 1976 Rais Samora Machel aliufunga mpaka na Rodeshia, huku wapiganaji wa ZANU wakiwa na kambi katika ardhi yake. Idara ya ujasusi ya Rodeshia, chini ya Ken Flower, ikaanza kukusanya Wamsumbiji waliokosana na Frelimo: waliokuwa askari wa Mreno, waliotoroka kambi za "kuelimishwa upya", na vijana kama Dhlakama, ambaye alikuwa amejiunga na Frelimo vita vya ukombozi vikielekea ukingoni, kisha akaondoka. Kulikuwa na redio, Voz da África Livre, iliyorusha matangazo ya kuipiga vita Frelimo kutoka ardhi ya Rodeshia. Mkuu wao wa kwanza, André Matsangaissa, aliuawa Gorongosa Oktoba 1979. Baada ya mvutano wa ndani nafasi yake ikachukuliwa na Dhlakama, kijana wa miaka 26. Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka uliofuata, makaburu wakawachukua watu hao, mitambo yao na redio yao, wakawahamishia Phalaborwa, kaskazini mashariki mwa Afrika Kusini.

Machi 16, 1984, Machel na P.W. Botha walitia saini Mkataba wa Nkomati: Afrika Kusini iache kuisaidia Renamo, Msumbiji izuie wapiganaji wa ANC. Agosti 1985 majeshi ya Zimbabwe na Msumbiji yaliiteka Casa Banana, makao makuu ya Dhlakama huko Gorongosa. Ndani walikuta shajara za katibu wake, zenye kumbukumbu za vikao na maofisa wa Afrika Kusini na ujumbe uliopokewa kwa simu ya upepo. Humo mlikuwa na habari za misaada iliyoendelea kuingia baada ya Nkomati kutiwa saini. Serikali ya Maputo ilizichapisha ili kila mtu ajisomee. Kuna vita vichache Afrika ambavyo ushahidi wa mkono wa nje umepatikana ukiwa umeandikwa na wahusika wenyewe namna hiyo.

Vitendo vyenyewe vilikuwa vya kutisha. Renamo ilichoma shule na zahanati, iliwinda walimu na wauguzi, iliteka watoto na kuwafanya askari. Julai 18, 1987, huko Homoine, jimbo la Inhambane, watu 424 waliuawa, wengine wakiwa wagonjwa vitandani hospitalini. Mwaka uliofuata Robert Gersony, aliyetumwa na wizara ya mambo ya nje ya Marekani kuwahoji wakimbizi, alikadiria kwamba raia 100,000 walikuwa wameuawa na Renamo. Marekani ya Reagan ilikuwa na wanasiasa waliotaka kuikumbatia Renamo kwa sababu ilipigana na Wakomunisti. Ripoti ya Gersony iliwafunga midomo. Hadi vita vinakwisha, watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa kwa risasi, njaa na maradhi, na Malawi peke yake ilikuwa inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja. Dhlakama ndiye aliyekuwa mkuu wa jeshi hilo. Hakuwahi kufikishwa mahakamani kwa hayo, na mwandishi yeyote anayemwita baba wa demokrasia, kama wafuasi wake wanavyopenda kumwita, anapaswa kwanza kupita Homoine.

Sasa upande wa pili. Baada ya uhuru Frelimo iliwaondoa machifu madarakani, ikazuia matambiko, ikabana makanisa na misikiti, na ikawahamishia wakulima katika vijiji vya pamoja. Msomaji wa Tanzania aliyeishi Operesheni Vijiji hahitaji maelezo marefu juu ya mtu anayebebwa na lori kutoka kwenye mikorosho yake na makaburi ya babu zake. Mwaka 1983 ikaja Operesheni ya Uzalishaji: maelfu ya watu wa mijini walioonekana hawana kazi wakakamatwa na kupelekwa Niassa, wengine kwa ndege, wakaachwa huko porini walime. Uongozi wa juu wa chama ulijaa watu wa kusini, na Maputo iko kusini kabisa, karibu na mpaka wa Afrika Kusini. Mtaalamu wa Kifaransa, Christian Geffray, alifanya utafiti huko Nampula wakati vita vingali vinaendelea. Aliwakuta machifu waliohama na watu wao wote kwenda kuishi chini ya ulinzi wa Renamo ili waondokane na kijiji cha serikali. Hawakumjua Botha. Walichojua ni kwamba mwenyekiti wa kijiji amewadhalilisha mbele ya wajukuu zao.

Mtoto wa chifu wa Mangunde alikuta uchungu huo umeshapandwa, na hakuuacha upotee bure. Alipotoka msituni alijua kuongea na wazee, alijua kusimama na mapadri, na katika mikutano ya hadhara alikuwa na Kireno chepesi cha mtu wa kawaida. Hotuba zake zilikuwa ndefu, zimejaa majigambo na ahadi zisizotekelezeka, na watu walisimama juani saa nyingi kumsikiliza.

Amani ilipatikana Roma. Kuanzia Julai 1990, jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, mtaani Trastevere, iliwakutanisha wajumbe wa pande zote mbili. Wapatanishi walikuwa Andrea Riccardi na padri Matteo Zuppi wa jumuiya hiyo, Mario Raffaelli kwa niaba ya serikali ya Italia, na Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira, mzaliwa wa Sofala kama Dhlakama mwenyewe, aliyeweza kuzungumza naye Kindau. Upande wa Renamo mazungumzo yaliongozwa na Raul Domingos. Ilichukua miezi 27. Oktoba 4, 1992, Rais Joaquim Chissano na Dhlakama walitia saini, na bunge likapitisha msamaha kwa wote.

Umoja wa Mataifa, chini ya Mwitalia Aldo Ajello, ulifanya jambo ambalo wengi walilikunjia uso: ulianzisha mfuko wa fedha wa kuigeuza Renamo kuwa chama, na Dhlakama mwenyewe akawa anapokea dola 300,000 kila mwezi. Ni fedha nyingi kumpa mtu mwenye historia ile. Ajello hakuwa na haya nazo, na mimi nakubaliana naye. Angola mwaka uleule wa 1992 kiongozi wa waasi, Savimbi, alishindwa uchaguzi akarudi vitani, na nchi ikaungua kwa miaka 10 zaidi. Bei ya kumpangia Dhlakama nyumba na ofisi ilikuwa nafuu.

Na wanakijiji? Hawakusubiri mahakama, kwa kuwa hapakuwa na mahakama ya kusubiri. Wilayani Gorongosa, wanawake kwa wanaume walianza kupandwa na magamba, pepo za wanajeshi waliouawa vitani na kuachwa bila kuzikwa. Mgonjwa alipelekwa kwa mganga, ndugu wakaitwa, ngoma ikapigwa, pepo akapanda na kusema aliuawa na nani, mahali gani, na familia ipi inadaiwa. Mambo ambayo hakuna aliyethubutu kuyasema barazani yalisemwa humo, na jamaa za mkosaji wakakiri na kulipa fidia. Bunge lilifuta kesi kwa siku moja. Gorongosa kesi ziliendelea kusikilizwa kwa miaka mingi kwa njia hiyo.

Uchaguzi wa Oktoba 1994 nusura uvunjike. Siku moja kabla ya kura Dhlakama alitangaza kususia, simu zikapigwa kutoka kila upande, akarudi, na siku ya 3 ya kupiga kura ikaongezwa. Chissano alipata asilimia 53.3, Dhlakama 33.7. Bungeni Frelimo walipata viti 129, Renamo 112. Hesabu ya majimbo ndiyo iliyowashtua wengi: Renamo iliongoza katika Sofala, Manica, Tete, Zambezia na Nampula, katikati yote ya nchi pamoja na Nampula yenye watu wengi. Watu waliosema kibaraka hana watu wake walilazimika kunyamaza.

Mwaka 1999 alikaribia zaidi. Chissano alitangazwa mshindi kwa asilimia 52.3 dhidi ya 47.7, tofauti ya kura kama 205,000. Dhlakama alikuwa na kura zaidi ya milioni mbili na majimbo 6. Mamia ya hati za matokeo kutoka vituoni ziliwekwa kando bila kuingizwa katika hesabu, na malalamiko ya Renamo yalitupwa na Mahakama Kuu ya nchi. Novemba 2000 wafuasi wake waliandamana. Montepuez, Cabo Delgado, maandamano yaligeuka mauaji, na wiki chache baadaye mahabusu zaidi ya 80 walikufa kwa kukosa hewa katika chumba kimoja cha polisi. Chumba kimoja. Nchi iliyosifiwa duniani kote kwa maridhiano haikuwahi kutoa jibu la kutosheleza juu ya hilo.

Hapo ndipo lilipo shina la mambo yote yaliyofuata. Kwa katiba ya Msumbiji gavana wa jimbo aliteuliwa na rais. Mwaka 1994 Dhlakama alishinda majimbo 5, na wananchi wa majimbo hayo wakapelekewa magavana 5 wa Frelimo. Mwaka 1999 alishinda 6, na mambo yakawa yaleyale. Gavana ndiye mwenye wakuu wa idara, na wakuu wa idara ndio wenye ajira za walimu, vibali vya mbao, zabuni za barabara. Mtu wa Nampula angeweza kuipigia Renamo kura maisha yake yote bila kuona hata ofisa mmoja wa wilaya aliyewekwa na kura yake. Frelimo ilikuwa na nafasi ya kubadili hilo mapema na kwa gharama ndogo. Haikutaka. Dhlakama naye akaona kitu pekee kinachofanya Maputo imsikilize ni vijana wake wachache waliobaki na silaha, na kadiri kura zake zilivyopungua ndivyo alivyozidi kuwashikilia.

Zilipungua kweli, na kosa halikuwa la Frelimo peke yake. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na katika zizi la Renamo fahali alikuwa mmoja. Raul Domingos, mtu aliyeijenga amani ya Roma, alifukuzwa mwaka 2000. Daviz Simango, mhandisi aliyeiletea Renamo ushindi wa jiji la Beira mwaka 2003 na kulisafisha jiji hilo mpaka likawa fahari ya upinzani, aliachwa pembeni 2008. Akasimama peke yake, akashinda, akaunda chama cha MDM. Mwaka 2004 Dhlakama alipata asilimia 31.7 dhidi ya Armando Guebuza wa Frelimo. Mwaka 2009 akaanguka hadi 16.4. Chama kikubwa cha upinzani kilikuwa kimebaki mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amehamia Nampula akitishia kila mwezi kuitikisa nchi.

Oktoba 2012, miaka 20 baada ya Roma, alirudi Gorongosa akapiga kambi Satunjira. Wengi walicheka. Mwaka uliofuata mapigano yakaanza, na barabara kuu ya EN1, uti wa mgongo wa nchi, haikupitika bila jeshi kati ya Mto Save na Muxúnguè. Mabasi na malori yalikusanyika, yakapangwa, magari ya jeshi yakatangulia mbele na mengine nyuma, na msafara mzima ukaenda kilometa zipatazo 100 huku abiria wameinama kwenye viti. Msafara uliposhambuliwa, waliokufa walikuwa makondakta, wachuuzi na wanafunzi wanaorudi nyumbani. Hawa Dhlakama aliwaua kwa ajili ya hoja iliyokuwa ya haki, na sidhani haki ya hoja inampunguzia mzigo huo. Oktoba 21, 2013, jeshi liliiteka Satunjira, lakini yeye likamkosa.

Alitoka Septemba 2014, akatia saini makubaliano na Guebuza Maputo, akaingia kwenye kampeni akiwa amechelewa. Viwanja vilifurika. Alipata asilimia 36.6, na Renamo ikapanda kutoka viti 51 hadi 89. Akadai majimbo yake yapewe mamlaka. Bunge likakataa mwaka 2015. Septemba hiyo msafara wake ulishambuliwa mara 2 katika jimbo la Manica. Oktoba 8 wapatanishi na waandishi wa habari walimfuata msituni, wakamsindikiza hadi nyumbani kwake Beira kwa makubaliano kwamba sasa mazungumzo yaanze. Asubuhi ya Oktoba 9 askari wa kikosi maalumu waliizingira nyumba, wakawakamata walinzi na kuchukua bunduki zao, wapatanishi walewale wakiwa wanashuhudia. Serikali ilidhani imemmaliza. Baada ya muda mfupi alikuwa amerudi Gorongosa, na sasa hakuna mpatanishi ambaye angeweza kumshawishi alale tena katika nyumba ya mjini. Mwaka 2016 wanakijiji zaidi ya 10,000 walikimbia kutoka Tete kwenda Kapise, Malawi, wengi wao wakisimulia kuchomewa nyumba na askari wa serikali.

Aliyekata fundo alikuwa Nyusi, na anastahili sifa kwa hilo. Mmakonde wa Mueda, mtoto wa familia ya vita vya ukombozi, aliyesoma utotoni katika shule ya Frelimo huko Tunduru, angeweza kuwa mgumu kuliko wote. Aliacha wapatanishi, akaanza kuzungumza na Dhlakama kwa simu, mtu na mtu. Desemba 2016 risasi zikanyamaza. Agosti 6, 2017, rais alikwenda mwenyewe Gorongosa, wakaonana uso kwa uso. Wakaafikiana juu ya magavana kuchaguliwa na wapiganaji kuingizwa jeshini au kurudi uraiani. Miezi 9 baadaye Dhlakama akafa.

Bunge lilipitisha mabadiliko ya katiba Mei 23, 2018, wiki mbili baada ya mazishi. Ossufo Momade, aliyerithi chama, alitia saini mkataba wa mwisho na Nyusi Agosti 2019. Oktoba 15 mwaka huo Wamsumbiji walichagua magavana kwa mara ya kwanza, katika uchaguzi ambao wiki moja kabla yake mwangalizi Anastácio Matavel aliuawa kwa risasi mjini Xai-Xai na watu waliobainika kuwa polisi. Frelimo ilitangazwa kushinda majimbo yote 10, Sofala na Zambezia zikiwemo.

Wapiganaji walikabidhi silaha hata hivyo, wengine wakiwa na mvi, watu 5,221 kwa jumla, na kambi ya mwisho huko Vunduzi ikafungwa Juni 2023. Katika uchaguzi wa 2024 Renamo ilibaki na viti 28 na Momade akaambulia chini ya asilimia 7. Vijana waliozaliwa baada ya Roma walimfuata Venâncio Mondlane, mtu ambaye mwaka mmoja tu kabla alikuwa mgombea wa Renamo wa umeya wa Maputo, na ambaye chama kilikataa kumpa nafasi ya kugombea uongozi wake. Naye alisema kura zake zimeibwa, akaita watu barabarani kwa matangazo ya moja kwa moja ya Facebook, na mamia wakauawa mitaani. Machi 2025 rais mpya, Daniel Chapo, alikutana naye Maputo. Wakati huo wazee waliopigana chini ya Dhlakama walikuwa wanazifunga ofisi za Renamo, moja baada ya nyingine, wakimtaka Momade aondoke na wakidai pensheni walizoahidiwa walipokabidhi bunduki.